Mungu, ahera na siku mbili za Panadura

Tarehe 26 na 28 Agosti 1873, katika mji wa Panadura, kusini kidogo ya Colombo, maelfu ya watu walijazana kwenye banda la muda kusikiliza watu wazima wakibishana juu ya Mungu na juu ya kule mtu anakokwenda akifa. Upande wa Wakristo alisimama mchungaji David de Silva wa Kanisa la Methodisti, Msinhala aliyebobea katika Kipali, lugha ya maandiko ya Wabuddha, akisaidiwa na katekista aitwaye Sirimanne. Upande wa Wabuddha alisimama mtawa Migettuwatte Gunananda wa Kotahena, mtu mwenye ulimi mwepesi na asiyeogopa jukwaa. Kila msemaji alipewa saa moja kwa zamu. De Silva alimwaga nukuu za Kipali mpaka wengi wakabaki kumtazama tu. Gunananda alisema Kisinhala ambacho mwenye duka na mkulima walikielewa. Siku ya pili ilipokwisha, umati ulipaza sauti za "Sadhu! Sadhu!", kama ambavyo kwetu mkutano wa injili ungeitikia Amina, na kila mtu akajua umati umempa nani ushindi.

Gazeti la Ceylon Times liliripoti mjadala ule, habari zake zikatolewa kitabu, na kitabu kikafika Marekani mikononi mwa Kanali Henry Steel Olcott. Mwaka 1880 Olcott alifunga safari mpaka Sri Lanka na kuupokea Ubuddha hadharani mjini Galle. Wanahistoria wa kisiwa kile huihesabu Panadura kuwa hatua kubwa ya Ubuddha kuinua kichwa tena baada ya zaidi ya karne tatu za Wareno, Waholanzi na Waingereza. Mimi kinachonirudisha Panadura ni maswali mawili yaliyoulizwa pale, moja kutoka kila upande, ambayo naona hayajajibiwa kwa namna ya kumridhisha aliyeyauliza.

Msomaji ajue mapema kwamba naandika nikiwa Mkristo. Na kinachonisukuma kuandika ni uchovu. Siku hizi mazungumzo ya dini yana adabu nyingi na elimu kidogo. Kwenye makongamano ya amani tunaambiwa kwamba sote tunamwabudu Mungu mmoja, tunatofautiana njia tu. Mwambie hivyo mtawa wa Sri Lanka au wa Thailand: atatabasamu kwa heshima, kwa kuwa amelelewa vizuri, lakini yeye hamwabudu Mungu yeyote na hajawahi kudai hivyo. Upande wa pili tuna mihadhara ya viwanjani tuliyoizoea Tanzania tangu miaka ya 1980, ambako mtu hufungua kitabu cha mwenzake kwa ajili ya kuchomoa aya ya kumchoma nayo. Kule Panadura kulikuwa na kejeli pia, tena nyingi, lakini nyuma yake kulikuwa na kazi. Mmisionari Daniel Gogerly, aliyewatangulia akina De Silva, alijifunza Kipali kwa miaka mingi kabla ya kutoa kitabu chake dhidi ya Ubuddha mwaka 1849. Gunananda naye alikuwa ameisoma Biblia sura kwa sura, hadi zile ambazo wahubiri wetu huziruka.

Huko kwenye sura zinazorukwa ndiko alikolitoa swali lake. Katika Mwanzo sura ya sita Mungu anajuta kwamba alimuumba binadamu. Gunananda akauliza: anayejua yote anajutaje? Katika Kutoka, usiku wa kuuawa wazaliwa wa kwanza wa Misri, Waisraeli wanaagizwa wapake damu milangoni ili nyumba zao zipitwe. Asiyefichwa kitu anahitaji alama ya nini? Katika Waamuzi sura ya kwanza, Bwana yuko pamoja na Yuda, lakini wenyeji wa bondeni hawafukuziki kwa sababu wana magari ya chuma. Hapo umati ulifurahi sana.

Mtu anaweza kuyachukulia haya kama vijembe tu. Lakini Gunananda alikuwa anapima Mungu wa Biblia kwa kipimo ambacho dini yake ilikuwa imekitumia kwa miungu kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Wengi wetu hudhani Ubuddha unasema hakuna miungu. Si kweli. Maandiko ya Kipali yamejaa miungu: wanashuka usiku kumsikiliza Buddha, wanamsujudia, wanauliza maswali. Wanaishi maisha marefu yenye raha nyingi, kisha wanakufa kama sisi na kuzaliwa mahali pengine, pengine pabaya. Juu yao yupo Brahma Mkuu, na kisa chake kimoja kinachekesha kuliko mzaha wowote wa Panadura. Mtawa mmoja alitaka kujua ni wapi ardhi, maji, moto na upepo vinakoma kabisa. Kwa nguvu za tafakuri akapanda mbingu baada ya mbingu, na kila kundi la miungu likamwelekeza kwa walio juu zaidi. Mwisho Brahma anatokea katika nuru, anajitangaza kuwa muumba, mtawala na baba wa wote waliopo na watakaokuwapo. Mtawa anasema hakuuliza hilo. Anarudia swali lake mpaka mara ya tatu. Ndipo Brahma anamshika mkono, anamvuta pembeni na kumweleza kwamba miungu hawa wanaamini hakuna asilolijua, kwa hiyo hakutaka kusema mbele yao, lakini kwa kweli hajui. Amrudie Buddha akamuulize.

Andiko jingine linaeleza Brahma alivyofikia kujiita muumba. Dunia ilipoanza mzunguko mpya, yeye ndiye aliyezaliwa wa kwanza katika jumba tupu la mbinguni. Akaona upweke, akatamani wenzake. Wengine wakatokea, kila mmoja kwa sababu ya matendo yake mwenyewe ya zamani, lakini Brahma akadhani ni yeye aliyewaleta, na wao, kwa kuwa walimkuta, wakadhani hivyohivyo. Hapa hakuna hasira ya yule mkana Mungu wa Ulaya anayegombana na kanisa la utotoni mwake. Ubuddha wa Kipali haumpigi Mungu vita, unampa cheo kidogo tu: ni kiumbe mkubwa anayehitaji kuokolewa na mauti kama mende na mfalme. Na swali la kama ulimwengu ni wa milele au la, Buddha hakulishughulikia. Alilifananisha na kuhojiana na mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, ambaye hataki ung'olewe mpaka ajue aliyeurusha ni wa ukoo gani na upinde wake ni wa aina gani.

De Silva angejibu nini? Jibu la kale la wanateolojia, kuanzia mababa wa Kanisa mpaka Tomaso wa Akwino, ni kwamba Mungu habadiliki. Maandiko yanaposema anajuta yanatumia lugha ya kibinadamu. Ni jibu safi, na siamini kwamba lingemtuliza mtu yeyote pale bandani, kwa sababu linamwokoa Mungu kwa kumfanya afanane na kitu ambacho Gunananda mwenyewe angekikubali: kitu kisichoguswa. Mimi ningejibu kinyume. Mungu anayejuta ni ishara kwamba kuna mtu upande wa pili, anayeumizwa na tunayoyafanya. Kile ambacho mtawa alikiona udhaifu ndicho Ukristo ulichoanzia, maana Mungu wa Wakristo aliuawa. Mtawa akisikia hilo hatashtuka, kwake miungu wote hufa. Atashtuka ukifika siku ya tatu, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza kweli.

Swali la De Silva lilikuwa zito zaidi, na naona Wakristo wa Panadura wangeshinda nalo kama wangelisema kwa lugha ya watu. Ubuddha hufundisha kwamba mtu ni mkusanyiko wa mambo matano: mwili, hisia, utambuzi, mielekeo na fahamu. Hakuna nafsi nyuma yake, hakuna mwenye nyumba. Kifo kikija mkusanyiko unavunjika. Kama ni hivyo, aliuliza De Silva, anayezaliwa tena ni nani? Akitupwa motoni kwa dhambi za aliyekufa, si anaadhibiwa mtu mwingine kwa kosa asilolitenda?

Gunananda alijibu kama watawa walivyojibu karne nyingi kabla yake: anayezaliwa si yuleyule, wala si mwingine. Jibu hilo limo katika mazungumzo ya mfalme Milinda, ambaye wasomi wanamtambua kuwa Menandro, mtawala wa Kigiriki wa kaskazini-magharibi mwa India karne ya pili kabla ya Kristo, na mtawa Nagasena. Mfalme aliuliza swali hilohilo la De Silva. Nagasena akamwambia: mtu ameiba maembe, amekamatwa, anajitetea mbele yako kwamba maembe aliyochuma siyo yale mlalamikaji aliyoyapanda ardhini. Utamwachia? Mfalme akasema hapana, kwa sababu haya yametokana na yale.

Nimeyafikiria sana maembe hayo. Kwa upande wa haki, naona Nagasena ameshinda: kinachohitajika ili deni lilipwe ni mnyororo wa sababu, na mnyororo upo. Hata mimi wa leo na yule mtoto aliyebeba jina langu darasa la kwanza tumeunganishwa na nini zaidi ya mnyororo wa namna hiyo? Lakini mwembe hauogopi kufa. Anayelala hospitalini usiku hahofii kwamba matendo yake yatakosa mwendelezo. Anahofia kwamba yeye hatakuwapo. Kwa hofu hiyo mtawa hana faraja ya kutoa, naye hataki kuitoa, kwa sababu kwake kung'ang'ania "mimi" ndio ugonjwa wenyewe. Nirvana ni kuzimika kwa kiu na kwa ule moto wa kutaka kuwa. Buddha alikataa kusema kama aliyefika huko yupo, hayupo, yote mawili au si hata moja.

Na sisi Wakristo tusijitape. Imani ya Nikea haikiri roho isiyokufa, inakiri ufufuo wa wafu. Paulo anawaandikia Wakorintho sura nzima kuhusu mwili utakaofufuliwa, wala hasemi habari ya roho iliyopaa. Lakini nenda kwenye msiba wowote wetu: mhubiri mmoja atasema marehemu yuko mbinguni sasa hivi anatutazama, na kabla ya jeneza kushushwa atasema amelala akingoja parapanda. Hakuna anayenyoosha mkono kuuliza. De Silva alimbana Gunananda kwa kukosa mwenye kubeba adhabu. Gunananda angeweza kumbana De Silva amwambie marehemu yuko wapi saa hii.

Kuhusu mahali penyewe pa kwenda, tofauti ni ya muda. Ubuddha una mbingu nyingi na jehanamu nyingi, na jehanamu zake zinatisha kama mahubiri yoyote ya mkesha: chuma cha moto, kukatwakatwa, giza. Ila hakuna hata moja ya milele. Deni likiisha, mtu hutoka. Mbinguni nako hutoka. Barua kwa Waebrania inasema mtu hufa mara moja, kisha hukumu. Mbuddha amekufa mara zisizohesabika na machozi aliyoyalia, wanasema, yanazidi maji ya bahari.

Hilo la milele ndilo lililomgonga mmisionari Mjesuiti Francis Xavier huko Japani, alikofika mwaka 1549. Wajapani waliobatizwa walimuuliza kuhusu wazazi na mababu zao waliokufa bila kuisikia injili. Xavier, kwa teolojia ya wakati wake, aliwaambia kwamba waliomo jehanamu hawatoki, wala sala na sadaka haziwafikii. Katika barua aliyoiandika mapema mwaka 1552 anaeleza jinsi walivyolia, wakiuliza kwa nini Mungu hawezi kuwatoa, na anakiri kwamba naye aliumia kuwaona marafiki zake wakilia hivyo. Waliozoea watawa waliosoma maandiko kwa ajili ya wafu sasa waliambiwa hakuna la kufanya. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa. Misheni zilipofika huku, swali lilikuwa hilohilo: na babu zetu je? Kanisa Katoliki lilichukua mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mwaka 1964, kutamka bayana kwamba wasioijua injili bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, wanaweza kuokoka. Wajapani wale wa Xavier walikuwa wamekwisha kufa karne nyingi.

Penye msiba kila dini huvunja ukali wake yenyewe. Kwa mafundisho ya Ubuddha kila mtu ni mrithi wa matendo yake, hakuna awezaye kumbebea mwenzake. Lakini katika maziko ya Sri Lanka jamaa hukaa pamoja wakishika birika na kumimina maji kikombeni mpaka yafurike, watawa wakikariri, ili thawabu za tendo jema zimfikie marehemu. Hulishwa watawa siku ya saba, miezi mitatu, mwaka. Mkatoliki ana toharani na misa za Novemba 2. Luther alianza ugomvi wake mwaka 1517 kwa sababu ya biashara iliyojengwa juu ya toharani hiyo, na mpaka leo Mlutheri kwa kawaida haombei wafu. Lakini nimewaona Walutheri wakifanya arobaini, na sikuona mchungaji aliyewazuia.

Hata huo ukuta kati ya dini mbili hausimami wima kila mahali. Huko Japani Wajesuiti walikuta madhehebu ya Buddha aitwaye Amida, yenye mafundisho ya Shinran, mtawa wa karne ya 13, kwamba binadamu hawezi kujiokoa kwa juhudi zake. Aliite jina la Amida kwa imani, naye atapokelewa katika Nchi Safi. Wakaona shetani amewatangulia na fundisho la Luther. Na katika kalenda ya Kirumi, tarehe 27 Novemba, kwa karne nyingi alikumbukwa Mtakatifu Yosafati, mwana wa mfalme wa India aliyeacha ikulu. Ni kisa cha Buddha mwenyewe, kilichosafiri kwa Kiajemi, Kiarabu, Kijojia na Kigiriki mpaka kikabatizwa njiani. Nalipenda kosa hilo kuliko matamko mengi ya makusudi.

Matamko ya makusudi nayo huleta balaa lake. Mwaka 1994 Yohane Paulo II aliandika katika kitabu chake kwamba Ubuddha kwa kiasi kikubwa ni mfumo usio na Mungu, na wokovu wake ni wa kuukimbia ulimwengu. Alipozuru Colombo Januari 1995, viongozi wa watawa walisusia mkutano naye. Kuhusu Mungu naona Papa alisema jambo ambalo watawa wengi wangelikubali. Kuhusu ulimwengu alikosea: Mbuddha haukimbii ulimwengu kwa kuuchukia. Anaachia kuushika, kisha, kama ni mtawa mwema, anarudi kijijini asubuhi na bakuli lake.

Mtawa mmoja wa namna hiyo alikuwa Angulimala. Alikuwa jambazi wa msituni aliyevaa shingoni shada la vidole vya aliowaua. Buddha alimwendea peke yake, akamgeuza, akampokea utawa, na muda si mrefu Angulimala akafikia ukombozi kamili. Halafu akaenda mjini kuomba chakula. Watu wakampiga mawe na magongo, akarudi kwa Buddha kichwa kimepasuka, bakuli limevunjika, joho limechanika. Buddha akamwambia avumilie: anayaonja hapa matunda ambayo yangemweka jehanamu miaka maelfu. Weka pembeni yake yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu, ambaye kwa sentensi moja aliahidiwa peponi siku ileile. Yeye naye hakushushwa msalabani, na jioni askari walimvunja miguu. Wote wawili wameokolewa na wote wawili wanalipa kwa mwili. Lakini Angulimala ameokoka kwa sababu hakuna tena ndani yake kitu cha kushikwa na deni, na mnyang'anyi ameokoka kwa sababu alimwomba mtu amkumbuke.

Wapo pia ambao visa hivi haviwataji: waliofiwa. Mama wa mtu aliyekatwa kidole hakuulizwa alipoona muuaji akipita na bakuli, na aliyeporwa na yule mnyang'anyi hakuulizwa kama anaafiki peponi. Mwenye haki zaidi ya kulalamika ni huyu wa pili, kwa sababu kuna mtu aliyesamehe kwa niaba yake. Na Biblia inampa nafasi. Kitabu cha Ayubu kina sura 42, na sehemu kubwa ni mtu anayemshitaki Mungu mbele ya Mungu. Kwa Wabuddha mfiwa anayekumbukwa ni Kisagotami, aliyembeba mtoto wake maiti akitafuta dawa. Buddha alimtuma akaombe punje za haradali kwenye nyumba ambamo hajafa mtu. Alizunguka mji mzima, akamzika mtoto, akaacha kuuliza. Ayubu hakuacha mpaka alipojibiwa kutoka katika upepo wa kisulisuli, na alichojibiwa hakikuwa maelezo ya kwa nini watoto wake walikufa.